Nimeshaungua mara moja: nampataje mwandishi wa kuniandikia kitabu cha ufundi saa?

Fundi_Kamani

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na naomba msinicheke sana.

Nimetengeneza saa za mkono kwa miaka 27. Sisemi hizi za betri, ambazo ukibadilisha betri umemaliza. Nasema saa za kamani, yaani za springi, zile ukiifungua unakuta gurudumu dogo linapepea mara 8 kwa sekunde kama limefukuzwa. Sasa macho yameanza kunisaliti na mkono wa kulia unatetemeka, kwa hiyo kabla sijafunga meza nataka niache kitabu. Ninayo madaftari 14 yenye michoro, na rekodi za saa 22 nilizojirekodi kwenye simu huku nafanya kazi. Saa 22 za muda, si saa 22 za mkono. Msishangae nikifafanua; mwandishi wangu wa kwanza alikwama hata hapo.

Huyo nilimpata mtandaoni, sifa kibao, nyota tano tupu. Nikamwambia "niandikie kitabu kuhusu saa", nikampa nusu ya malipo na rekodi zote. Baada ya wiki tano akaniletea kurasa 60. Ya kwanza inaanza: "Saa ni moyo wa wakati, na wakati ni mto usiorudi nyuma." Haya, nikavumilia. Ukurasa wa 11 anasema saa ikishikwa na sumaku hupunguza mwendo. Jamani! Kwa kawaida hukimbia. Ile kamani nyembamba kama unywele, mizunguko yake hunatana, inakuwa kama umeifupisha, gurudumu linapepea upesi kuliko inavyotakiwa, na mteja anakuja analalamika saa yake imetangulia dakika kumi tangu jana. Ukitaka kuhakikisha, isogeze karibu na dira. Sindano ikicheza, ugonjwa umeupata, na tiba yake ni ya sekunde chache. Haya yote nimeyasema kwenye rekodi, kwa mdomo wangu, mara mbili. Nilipomwambia, akajibu kwamba marekebisho yana malipo yake. Nusu yangu ikaenda na maji.

Sasa ninao watu watatu mezani. Wa Kwanza anaahidi maneno 50,000 kwa siku 21, na bei yake ni ya chini kuliko wote. Wa Pili ana tuzo za hadithi fupi. Nimesoma kazi zake na moja imenitoa machozi, sisemi uongo. Wa Tatu ameandika vijitabu vya maelekezo ya cherehani na pampu za maji. Maandishi yake makavu kama bisibisi. Lakini hata hatujagusa habari ya bei, ameshaniletea maswali 19, na la kwanza ni: "Msomaji wako ameshawahi kushika kibano, au anaanza na mikono mitupu?"

Moyo uko kwa Wa Pili, mfuko uko kwa Wa Kwanza. Mnasemaje?

mpitanjia77

Piga hesabu tu mkuu. Maneno 50,000 gawanya kwa siku 21 ni kama 2,380 kila siku, bila Jumapili, bila kuugua, bila kusoma alichoandika jana. Na hapo bado hajasikiliza rekodi zako za saa 22. Huyo hatazisikiliza. Ama ataokoteza mtandaoni, ama ataiachia akili mnemba imwandikie yeye akalale.

Fundi_Kamani

Na hilo la akili mnemba ndilo linalonitisha. Kuna programu ya kupima kama maandishi ni ya mtu au ya mashine? Nikiwa nayo si nitakuwa nimemaliza kazi?

Mhariri_Mchovu

Shikamoo mzee. Jina langu hapa linajieleza, nimehariri miswada ya watu kwa miaka 16, na wengi wao walikuja kwangu wakiwa wameshaungua kama wewe.

Nianze na hilo la kupima. Usilitegemee. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa kipimo chao Januari 2023, na Julai mwaka huohuo wakakiondoa kwa sababu kilikuwa kinakosea mno. Kama mpishi ameshindwa kukitambua chakula chake, sisi wengine tutaonja nini? Vipimo vya namna hiyo huweza kumsingizia mtu aliyetoa jasho lake, hasa anayeandika kwa sentensi fupi zilizonyooka. Badala yake mwambie mwandishi aandike kwenye hati ambayo mnaiona wote wawili, inayohifadhi matoleo ya nyuma. Mtu akiandika kweli utaona amefuta, amerudi, amehamisha aya. Kurasa kumi zikitua kwa mkupuo mmoja, muulize zilikotoka.

Sasa la kukuuma kidogo, unisamehe. Yule mwandishi wa kurasa 60 alikukosea, sawa, lakini na wewe ulimtuma sokoni bila orodha. "Niandikie kitabu kuhusu saa" si maelezo ya kazi. Kuhusu saa kwa nani? Mtoto wa shule? Mkusanyaji wa saa za kale? Kijana anayetaka kuajiriwa kama fundi? Hivyo ni vitabu vitatu tofauti. Kwa msomaji asiyetajwa, mwandishi yeyote atakimbilia "wakati ni mto", maana mto haumkosei mtu. Kaa chini uandike ukurasa mmoja: kitabu ni cha nani, akimaliza kukisoma awe anaweza kufanya nini ambacho jana hakuweza, kiwe na urefu gani, kipi usiruhusu kiondolewe, na maneno yapi ya ufundi unayatumia wewe. Kama unasema kamani, asije mtu akakuandikia springi kwenye sura ya 4.

Halafu wape Wa Pili na Wa Tatu jaribio. La kulipwa, usiombe bure. Chukua dakika 20 za rekodi moja, zilezile kwa wote wawili, waombe maneno 600. Ila hapa ndipo watu wengi hukosea: wanasoma rasimu ya kwanza na kuchagua iliyopendeza. Rasimu ya kwanza inakuonyesha kipaji. Wewe unakwenda kuishi na huyu mtu miezi sita au zaidi, kipaji peke yake hakikutoshi. Wasahihishe wote, kwa ukali uleule, kisha usome rasimu ya pili. Aliyerekebisha neno ulilolizungushia duara tu ni mmoja. Aliyeelewa kwa nini umelizungushia, akaenda kurekebisha na mahali pengine pawili ambapo hukupaona, huyo ni mwingine kabisa.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyekigusa: rekodi. Saa moja ya mtu anayeongea mfululizo hutoa maneno 8,000, hata 9,000. Zako 22 zinakaribia 180,000 kama unaongea muda wote, na kitabu unachokitaka ni kama robo yake. Na kuzigeuza sauti kuwa maandishi kwa mkono, saa moja ya rekodi inakula kama saa nne za kazi. Kwenye mkataba ilitajwa kazi hiyo ni ya nani? Nadhani ndipo yule bwana alipokata kona. Hakuwa amelipwa kusikiliza, kwa hiyo hakusikiliza. Simtetei.

Kalamu_ya_Kukodi

Mimi nipo upande wa pili wa meza, ni mwandishi kivuli, naandika vitabu vinavyotoka kwa majina ya wengine. Nimeandika vitabu ambavyo majina yake sitayataja hata mnifunge kamba. Naungana na Mhariri kwa mengi, ila kwa Wa Tatu mnamkimbilia mno. Kuandika maelekezo ya pampu si kuandika kitabu. Mtu anaweza kujua hatua zote na bado akakuletea kitu ambacho hakuna kijana atakayefika nacho ukurasa wa 30. Ukavu nao ni kosa. Ukweli wa ufundi unaweza kumfundisha mwandishi; sikio la lugha humfundishi mtu mzima kwa wiki mbili.

Na msilipuuze la tuzo. Mwandishi wa hadithi anajua kitu kimoja ambacho wa vijitabu hakijui: lini anyamaze.

Ila mzee, acha nikuambie kitu ambacho kitaninyima mteja. Rudi usome ulichoandika hapo juu kuhusu sumaku na dira. Sentensi tano sita hivi. Mimi sijawahi kufungua saa maishani na sasa najua kwa nini hukimbia. Hiyo ndiyo sura yako ya kwanza, umeiandika wewe, bure, ukiwa na hasira. Una uhakika unahitaji mtu wa kukuandikia? Pengine unahitaji wa kupanga. Wa kukuuliza, kukurekodi, kukata, kuhamisha, kukukumbusha kwamba jambo hili ulishalisema kwenye daftari la 6. Hiyo ni kazi nyingine, kwa kawaida ni rahisi kuliko kuandika upya, na sauti inabaki yako.

Na kwa niaba ya wenzangu: ukimpata, mpe mtu mmoja wa kuongea naye. Mimi niliwahi kukimbia kazi ambayo rasimu ilikuwa inarudi na maoni ya mteja, mke wake, na shemeji yake, kila mmoja na rangi yake ya kalamu.

Fundi_Kamani

Kalamu, umenifanya nijione mkubwa. Mimi nikiketi kuandika kwa makusudi mkono unaganda. Hapa nilikuwa nalalamika tu.

Kalamu_ya_Kukodi

Basi atafutwe mtu wa kukukasirisha.

wakili_wa_karatasi

Nipite haraka kwenye la mkataba maana naona mnalizunguka.

Mzee, watu wengi wanaamini kwamba wakilipa, maandishi ni yao. Si lazima iwe hivyo. Chini ya Mkataba wa Berne, uliotiwa saini 1886 na leo una nchi wanachama zaidi ya 180, hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe, bila kuisajili, na kwa kawaida huanzia kwa aliyeandika. Kulipa ni jambo moja, kuhamishiwa haki ni jingine. Sheria ya Uingereza ya 1988 inataka uhamisho huo uwe wa maandishi na uwe umesainiwa. Marekani wana kanuni ya kazi ya kuagizwa ambayo humpa mteja haki tangu mwanzo, lakini kwa mtu asiye mwajiriwa inahusu aina tisa tu za kazi zilizoorodheshwa kwenye sheria ya 1976, na bado lazima pawe na karatasi iliyosainiwa. Ufaransa haki ya mwandishi kutambuliwa kama mwandishi haiuziki. Kwa hiyo angalia sheria ya mahali unapoishi wewe na anapoishi yeye, na mkataba useme sheria ya wapi ndiyo itakayotumika.

Andikeni haki zinahamia kwako lini. Mwandishi mwenye busara atataka ziwe baada ya malipo ya mwisho, na ana haki ya kutaka hivyo. Andikeni raundi ngapi za marekebisho zimo ndani ya bei. Mbili ni kawaida. Tofautisheni marekebisho na mabadiliko. Amekosea kuhusu sumaku? Hilo ni rekebisho, halina bei. Umeamka asubuhi ukataka sura nzima ya saa za ukutani? Hayo ni mabadiliko, lipa. Andikeni pia mkiachana katikati nani anabaki na nini. Hiki kifungu watu hukionea aibu, kama kutaja talaka siku ya harusi, lakini ndicho kingekuokolea zile kurasa 60, au walau sehemu ya nusu yako.

Kishika uchumba kisizidi thuluthi. Kinachobaki kigawe kwa sura zinazokabidhiwa, si kwa tarehe.

mama_prufu

Kaka Fundi, mimi ni msoma prufu tu, nina neno dogo. Ukiomba sampuli za kazi kwa Wa Pili, usiridhike na zile zilizochapishwa. Zilizochapishwa zimeshapita mikononi mwa mhariri na kwa watu kama mimi. Nimewahi kusoma prufu ya mwandishi mwenye jina kubwa sana, nikajiuliza kama ni yeye au wamekosea bahasha. Omba kitu kibichi. Na ukipata watu wawili aliowahi kuwafanyia kazi, usiwaulize "alikuwa mzuri?" Watakujibu ndiyo, wamalizane na wewe. Uliza, "mlipogombana, mligombania nini?"

Fundi_Kamani

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki tatu, nilikuwa nafanya mlichoniambia.

Wa Kwanza nilimuuliza tu saa 22 za rekodi atazisikiliza lini. Akasema atazipitia "kwa jumla". Nikamshukuru.

Maelezo ya ukurasa mmoja yalinichukua siku nne. Sikutegemea. Nilipofika kwenye "awe anaweza kufanya nini", nikagundua nilikuwa nataka kuandika kitabu cha kunisifu mimi. Nikakichana, nikaanza upya. Sasa ni cha kijana ambaye ameshajua kubadilisha betri na kamba, na anataka kuifungua saa ya kamani, aisafishe, aitie mafuta na kuifunga bila kuiua.

Jaribio niliwapa wote wawili rekodi ile ninayoondoa gurudumu la taji, lile lililo karibu na pale ufunguo wa kujazia saa unapoingilia. Kwa wasiojua: katika saa nyingi skrubu ya pale ina nyuzi za kinyume. Skrubu zote unalegeza kwa kuzungusha kushoto, hii unazungusha kulia. Kijana asiyejua anakaza akidhani analegeza, kichwa cha skrubu kinakatika, na saa ya mtu imeshaharibika. Kwenye rekodi nimesema neno moja tu, "hii kinyume", nikaendelea, maana mkono wangu unajua.

Wa Pili aliandika maneno 600 mazuri hadi nikawasomea watu nyumbani. Aliielezea mikono yangu kama aliiona. Na akaandika "legeza skrubu zote kwa kushoto". Wa Tatu hakuleta chochote siku mbili, kisha akatuma ujumbe: "Dakika ya 14 umesema 'hii kinyume'. Kinyume cha nini? Naomba picha."

Nikasema tayari, nimempata. Halafu nikakumbuka rasimu ya pili, nikawasahihisha wote. Na Wa Tatu nilimpiga kwa ukavu: nilimwambia maandishi yake yananipa usingizi, nisamehewe.

Wa Pili akarekebisha ile sentensi. Ile tu. Sikuona ubaya, ilikuwa sahihi sasa: "Zungusha skrubu. Kumbuka kwamba hii ni ya kinyume." Wa Tatu alikuwa amelihamisha onyo lote. Ameliweka juu, kabla msomaji hajaambiwa ashike bisibisi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mtu anayesoma maelekezo anatenda sentensi kwa sentensi. Akisoma "zungusha" ameshazungusha, na "kumbuka" inamkuta skrubu imeshakatika. Na kwa kuwa alishaanza, akaniuliza kama kuna hatua nyingine ambayo onyo langu huja nyuma ya tendo. Ipo, tena mbaya zaidi: kutoa nguvu ya kamani kuu, ile inayojazwa, kabla ya kugusa ile nanga inayozuia magurudumu. Nimeifanya miaka 27 na kwenye rekodi huwa naitaja baadaye, kama mtu aliyekumbuka kufunga mlango.

Kuhusu ukavu, Kalamu ulikuwa na haki, hakuuondoa. Aliuliza kama anaweza kuacha sentensi zangu kama nilivyozisema, na yeye aandike hatua tu. Kwa hiyo ukurasa una sauti mbili, yangu inayosimulia na yake inayoamuru. Sijui kama wachapishaji watapenda. Mimi nimeipenda. Wa Pili nimemlipa jaribio lake na nimemwomba aniandikie dibaji tukifika mwisho. Amekubali, na nadhani alipumua.

Tumesaini. Thuluthi mwanzo, iliyobaki kwa sura. Rekodi anazigeuza yeye kuwa maandishi, kwa bei yake tofauti. Jina lake litakuwa ndani, ukurasa wa pili, "imepangwa na". Aliyaomba madaftari yote 14, nikampa. Juzi ameyarudisha mawili: anasema la 2 na la 5 mwandiko wangu hausomeki hata kwa lenzi ya jicho, niyasome mwenyewe kwa sauti na kumrekodia.

Nimeanza la 2 jana. Nusu yake hata mimi siisomi.

Mhariri_Mchovu

Hapo usirekebishe kitu mzee. Pale unapokwama, sema tu kwenye rekodi umekwama wapi. Atakuuliza.